Wiki za Kusubiri Kisu

Wanangu mnaoingia kazini sasa, mkakuta mashine zinazojipima zenyewe na viti vya kuzunguka, nimeombwa niwaandikie jambo la kuwafaa. Sijui kama ninalo. Miaka yangu yote ya kazi niliitumia kulaza watu juu ya meza ngumu, kuwaambia watulie, kutoka nje na kufunga mlango mzito, kisha kuwatazama kwenye skrini wakiwa peke yao mle ndani. Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya mionzi, mengine ni mapambo. Nimestaafu, niko Bongwe na mihogo yangu na kuku wasiosikia la mtu, na uchovu niliotoka nao hospitalini Mombasa bado haujaniisha. Kwa hiyo msitarajie maneno matamu.

Nianze na uchafu. Zamani tulikuwa tukichora mistari juu ya ngozi ya mgonjwa kwa wino wa zambarau, ili kila siku tumlaze palepale tulipomlaza jana na mionzi ipige palepale. Tulimwambia asiioshe mpaka amalize matibabu. Alikuja mzee mmoja kutoka Shimoni, mchuuzi wa samaki, tukamchora tumbo zima kama ramani. Kesho yake akarudi anang'aa. Hakuna mstari hata mmoja. Mkewe alikuwa amekaa naye uani na dodoki na sabuni ya mche, amemsugua mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

"Nilimwona ana madoa, mwanangu," akaniambia. "Nikasema siwezi kumpeleka mume wangu kwa watu tumbo limechafuka. Watasema hana mke."

Nilianza upya kumchora, na yule mama akasimama nyuma yangu akitazama. Kumbe alikuwa fundi wa hina na piko, huwapamba maharusi. Nilipofika katikati hakuweza kuvumilia tena. "Mngenipa mimi nikachora," akasema. "Huu wenu umepinda." Ulikuwa umepinda kweli. Nikaufuta nikaurudia.

Siku hizi mnatia kidoa kidogo kwa sindano, hakitoki kwa dodoki wala kwa dua. Msijivune lakini. Kidoa hakitoki, ila ngozi yenyewe husogea mgonjwa anapokonda, na wagonjwa wa tumbo hukonda mnawaona. Aliyenifundisha hilo ni Bwana Mutua, mtu wa Ukambani aliyekuja pwani kikazi, akaishi kwetu mpaka akastaafu bila hata siku moja kujifunza kusema "tafadhali". Nilipokuwa mgeni alinikuta nimekodolea macho skrini huku mgonjwa akiingia. Akanigonga begani. "Wewe msichana, hiyo skrini haiendi mahali. Angalia mtu akitembea. Kama ni mwanaume angalia mshipi, ametoboa tundu mpya? Kama ni mama angalia vile amefunga leso."

Tangu siku ile nilitazama mafundo ya leso. Fundo likizidi kuzunguka kiunoni, likahama kutoka mbele kwenda ubavuni, nilijua vipimo vyetu vimeanza kusema uongo, nikamwita daktari tupime upya. Mengine nitawapa kwa mkupuo maana sina subira ya kuyapanga. Pasha mikono yako moto kabla hujamgusa mtu. Usimwambie "usitikisike", maana atabana pumzi na tumbo lote litapanda. Mwambie alale kama yuko kwake. Usimwache aliyevuliwa nguo akingoja huku unasimulia mpira na mwenzako. Na ukitoka chumbani mwambie unatoka, unakwenda wapi, na kwamba unamwona.

Sasa nifike kwa Bi Mwanasha, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Bi Mwanasha alikuwa mpishi wa shughuli, wa Msambweni. Harusi, maulidi, matanga, kote kuanzia Msambweni hadi Diani, mwenye shughuli alimtafuta yeye kwanza, hata kabla ya kutafuta mbuzi. Alikuwa mjane, mkubwa wangu kwa miaka michache, ana mikono minene yenye alama za moto na mdomo usiokosa neno. Alikuja kwetu akiwa chakula hakimshuki. Kilikwama, kikarudi, na alikuwa akipoteza damu. Saratani ilikuwa juu ya tumbo, pale chakula kinapoingilia.

Si kila mwenye saratani ya tumbo hupigwa mionzi kabla ya upasuaji. Wengi hupewa dawa za kutiwa mshipani, kisha kisu. Yeye madaktari wake waliona uvimbe umekaa pabaya, kisu kikienda sasa hakitauondoa wote. Wakaamua aanze kwetu, mionzi pamoja na vidonge, uvimbe unywee, kisha daktari wa upasuaji aingie akute kazi inayowezekana. Nilimweleza kwa lugha yetu: "Dada, sisi twapunguza. Wao ndio watakaoondoa." Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Pembeni yake alikaa binti yake Zuhura, aliyekuwa ameshachumbiwa, na kaka yake mkubwa, Mzee Bakari. Nanyi mliotoka bara mjue hili: kwetu Wadigo mwanamke mwenye jambo zito humtazama kaka yake. Mimi nilizungumza na mgonjwa na binti, lakini mwenye neno alikuwa yule mzee aliyekaa kimya na bakora yake.

Mionzi ya tumbo hutaka tumbo tupu. Tumbo ni mfuko, likijaa hutanuka na uvimbe husogea nalo, na mionzi tuliyoipimia kwenye tumbo tupu itapita kando, iunguze visivyo na kosa. Kwa hiyo aliambiwa asile wala asinywe kitu asubuhi mpaka atoke kwetu. Hata wiki haijaisha, nilimlaza, tukampiga picha ndogo ile ya kuhakikisha, nikaona tumbo limejaa limevimba.

"Bi Mwanasha, umekula?"

"Wallahi sijatia kitu kinywani tangu jana isha."

"Umekunywa?"

"Sijanywa hata funda."

Naye hakuwa mwongo. Nilimshusha, nikamkalisha. Zuhura alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Mama," akasema polepole, "mwambie lile kombe."

Wageni wa pwani huenda hamlijui kombe. Mwalimu wa chuo, yaani madrasa, huandika aya za Kurani kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, sahani ikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa yale maji kwa nia ya shifaa. Mzee Bakari alikuwa amemwekea dada yake kombe la kila alfajiri, jagi zima, naye alilimaliza lote kabla ya kuvuka feri. Halikumjia akilini kwamba amekunywa kitu. Nilipomwuliza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kusali ni kufanya kazi.

"Hilo ni dawa, Hawa," akaniambia. "Mmenikataza chai na uji. Mungu hamkumtaja."

Kijana mwenzangu wa zamu alifungua mdomo aseme, nikamfunga kwa jicho. Ukimwambia mtu aache kombe umemwambia aache dua, na kesho humwoni. Nilimpigia simu mwalimu mwenyewe, Maalim Athmani, baada ya salamu zote za jamaa na mifugo, nikamweleza habari ya mfuko na picha. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kombe halina saa," akasema. "Anywe akishatoka kwenu. Mungu hana haraka, mwanangu, nyinyi ndio wenye haraka."

Basi tangu siku hiyo tumbo likaja tupu, sawasawa na tulivyolipima. Akishuka mezani, Zuhura humngoja nje na chupa ya chai iliyojaa kombe, naye mama akanywa taratibu kwenye benchi la ujia. Nilijiona hodari. Sikuona kwamba nimepanga mambo mawili kwa foleni, mionzi kwanza na kombe nyuma, na anayekuja mwisho ndiye hupewa shukrani.

Wiki za katikati zilimtesa. Kichefuchefu, uchovu wa kushindwa kuinua kanga, na kubwa zaidi, alichukia harufu. "Vitunguu nimeviunguza tangu nina meno ya utoto," aliniambia, "leo nikivisikia kwa jirani nakimbia. Mpishi gani mimi?" Alilia siku hiyo, na mimi nikakaa naye tu. Tulimwambia ale kidogo kidogo, vya baridi visivyonukia, madafu, ndizi, kipande cha mkate mkavu. Kisha, kabla hatujamaliza, damu ikakatika. Chakula kikaanza kushuka. Siku ya mwisho alikuja na kanga mpya, akanishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu, mpaka wagonjwa wa foleni wakawa wanaitikia amina.

Daktari wa upasuaji akampa tarehe, wiki kadhaa mbele. Lazima pawe na wiki hizo. Mionzi huendelea kufanya kazi baada ya mashine kuzimwa, uvimbe huzidi kunywea, na mwili ulioungua hupata nafasi ya kujijenga kabla haujapasuliwa. Vitabuni mwenu zimeandikwa kama muda wa kupumzika. Kwangu mimi hizo ndizo wiki mbaya kuliko zote, maana mgonjwa hupata nafuu. Wakati wa maumivu yeye huwa wetu, anakuja hata kwa kubebwa. Akipata nafuu huwa wa nyumbani kwake.

Tarehe ikapita. Nilijua kwa sababu niliuliza, hakuna aliyeniambia. Nikampigia Zuhura. "Mama yuko jikoni, shangazi," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha hata nikaona haya kuiharibu. Siku yangu ya mapumziko nikateremka Msambweni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, sufuria kubwa juu ya mafiga, anapikia hitima ya jirani. Nilitazama fundo la leso kwanza. Lilikuwa mbele, limekaza, limerudi mahali pake. Amenenepa. Akachota kipande cha nyama, akakitafuna mbele yangu makusudi, akameza, akafungua mdomo nione kama mtoto aliyemeza dawa.

"Waona? Nala."

"Naona, alhamdulillahi. Na kisu je?"

"Kaka asema kombe limefanya kazi yake. Mimi sisemi hivyo, mimi najua na nyinyi mlihangaika." Akafuta mikono. "Lakini Zuhura aolewa mwezi ujao, Hawa. Wakinipasua leo, lini nitaweza kuinua mwiko?"

Sikuweza kumdanganya. "Muda mrefu."

"Basi nani atampikia mwanangu? Nimewapikia watoto wa watu wote, wangu nimletee wapishi wa hoteli kutoka Diani? Wale hupakua wali kwa kikombe, wakaupindua sahanini kama kaburi la paka."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikatazama sufuria, maji yalikuwa yamekauka, wali umetuna juu, mweupe, wapendeza. Nikamwuliza kama umeiva.

"Maji yamekauka."

"Basi pakua, watu wana njaa."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Sijaupalia makaa bado. Juu ni wali, ndani mchele. Wataka nitukanwe?"

"Na tumbo lako ni hivyohivyo, dada. Sisi tumekausha maji tu. Makaa ya juu anayo daktari wa kisu."

Alichukua koleo, akapanga makaa juu ya kifuniko moja baada ya jingine, taratibu sana, mpaka akafunika chote. Machozi yalimtoka na sijui kama ni moshi. "Umenipata," akasema. "Nitakwenda. Baada ya harusi, naapa."

Nilikwenda kwa Maalim Athmani pia, naye akafuatana nami kwa Mzee Bakari. Maalim hakuzunguka. "Kombe ni dua," akamwambia, "na dua haimfungii daktari mlango." Mzee Bakari alichora chini kwa bakora muda mrefu. "Mimi sikumkataza," akasema. "Baada ya harusi." Nikaomba tarehe mpya kwa daktari wa upasuaji. Alinikasirikia mimi kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumkasirikia karibu, kisha akaitoa.

Harusi nilikwenda. Ile pilau sitaieleza. Alipomaliza kuwalisha watu aliketi na wanawake kwenye mkeka, akala sahani nzima, akala kwa mkono wake mpaka mafuta yakafika kwenye kifundo cha mkono, akaninyooshea ile sahani tupu kutoka upande wa pili wa ua. Nilifurahi sana na nilikasirika sana, vyote kwa pamoja. Mtu ambaye chakula kilikuwa hakimshuki. Hiyo nayo ilikuwa kazi yetu, msiidharau.

Kisha zikaja siku za fungate, na mama wa harusi haondoki nyumba ikiwa na bibi harusi. Kisha Ramadhani ikaandama, na mwaka uliotangulia hakufunga kwa ugonjwa, akasema afya amepewa, atamlipaje Mungu kwa kwenda kulala hospitali? Nilipiga simu mpaka Zuhura akawa haipokei. Baada ya Idi alianza kutapika. Safari hii walikuja wenyewe mbio, Mzee Bakari mbele, bakora ameisahau nyumbani. Wakampasua. Wakatazama, wakakuta saratani imeshatambaa kwenye ini na utando wote wa tumbo, wakamshona wakamrudisha wodini. Alipozinduka aliniuliza kama wamepalia. Nikamwambia makaa yalikuwa yamepoa.

Nimetafuta wa kumlaumu na nimechoka kumtafuta. Wapo niliowaona wakienda kwa tarehe yao, siku ileile, na bado leo hatunao. Wapo waliokwenda na leo wanakula, vitonge vichache kwa mara moja, lakini wanakula. Nafasi ilikuwepo, ndicho ninachoweza kusema. Zuhura aliniambia siku moja, "Lakini alinipikia harusi yangu, shangazi."

Ninachowaachia ni hiki. Mkishajua mgonjwa atakwenda kwenye kisu baada yenu, siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kidoa, mwulizeni nani nyumbani kwake mwenye neno, mkamtafute huyo. Mwulizeni kuna harusi, kuna tohara, mfungo uko karibu? Wapeni madaktari habari hizo mapema wapange tarehe kwa kuzijua. Wakati wa kusubiri mpigieni simu, na mkisikia sauti ya mtu mzima mwenye raha, anayewaambia anakula, hapo ndipo mfunge safari. Najua mtasema si kazi yenu, kazi yenu huishia mlangoni. Na mimi niliambiwa hivyo, na mshahara ulikuwa uleule.

Matangani kwa Bi Mwanasha palijaa watu, aliowalisha walikuwa wengi. Wanawake wa mtaa walipika, kila mmoja akimwamuru mwenzake, kwa kuwa yule aliyezoea kuwaamuru wote hakuwepo. Nililetewa sahani. Juu wali ulikuwa mweupe, mzuri. Nilipofika katikati nikasikia mchele menoni. Zuhura alikuwa ameketi mbele yangu, tumbo lake limeanza kuonekana, chakula chake hajakigusa.

"Umeiva, shangazi?" akaniuliza.

Nikamwambia umeiva, nikaula wote.